Pendekezo la utafiti wa uzamili: anza na tatizo, usuli utafuata

Swali: Nimemaliza masomo ya darasani ya uzamili wa elimu na sasa natakiwa kuandika pendekezo la utafiti kabla ya tasnifu. Mada yangu ni "Athari za simu za mkononi kwa wanafunzi wa chuo". Msimamizi ameirudisha mara mbili. Mara ya kwanza aliandika "pana mno", mara ya pili "tatizo liko wapi?" Nimechukua mapendekezo ya wenzangu nikayafuata sura kwa sura, lakini bado. Nianzie wapi, kila sehemu ibebe nini, na nitajuaje kuwa limetosha kuwasilishwa?

Jibu: Maoni yote mawili ya msimamizi wako yana chanzo kimoja: unayo mada, ila tatizo bado huna. Mada ni eneo unalopenda kulisoma. Tatizo ni jambo mahususi ndani ya eneo hilo ambalo haliko sawa au halieleweki, na ambalo unaweza kulitolea jibu kwa data ulizo na uwezo wa kuzipata. Ukifuata mapendekezo ya wenzako sura kwa sura unapata vichwa vya sehemu tu, hupati cha kuandika chini yake. Wengi hupotezea miezi hapo. Huanza na usuli, hujaza kurasa kumi za historia ya simu duniani, halafu ndipo hutafuta tatizo la kubandika mwishoni.

Kamati inayosoma pendekezo hutaka kuridhika na mambo matatu: swali linastahili kuulizwa, njia uliyochagua inaweza kulijibu, na wewe unaweza kuimaliza kazi hiyo kwa muda na fedha ulizonazo. Kila aya isiyosaidia mojawapo ya hayo inaweza kuondolewa. Kwa hiyo liandike kwa mpangilio tofauti na ule litakaosomwa nao: kwanza tatizo, kisha maswali na malengo, kisha jedwali la ulinganifu, kisha mapitio na mbinu. Usuli, umuhimu wa utafiti na kichwa cha mwisho vije baadaye kabisa. Kusoma, bila shaka, kunaanza siku ya kwanza na hakukomi.

Kutoka mada hadi tatizo

Chukua mada yako uibane kwa maswali manne: ni nani hasa, tabia gani hasa, matokeo gani hasa, wapi na katika kipindi gani? "Wanafunzi wa chuo" wawe wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi bwenini. "Simu" iwe matumizi ya simu baada ya saa nne usiku. Matokeo unayoyatazama yawe mahudhurio ya vipindi vya asubuhi kwa muhula mmoja. Sasa una kitu kinachopimika.

Limebaki neno moja kwenye kichwa chako litakalokuletea matatizo mbele ya kamati, nalo ni "athari". Ukisema A ina athari kwa B unadai kwamba A ndiyo inayosababisha. Lakini mpango wa kugawa hojaji mara moja tu hauwezi kuthibitisha usababisho. Pengine mwanafunzi mwenye msongo wa mawazo hakosi usingizi kwa sababu ya simu, anashika simu kwa sababu usingizi umemkataa. Pengine kuna jambo la tatu, kwa mfano chumba chenye kelele, linalomfanya akeshe na simu na pia achelewe kuamka. Ili kudai athari unahitaji jaribio lenye kundi la kulinganisha, au angalau ufuatiliaji wa watu walewale kwa vipindi kadhaa. Kama muda na fedha haviruhusu, dai uhusiano: "Uhusiano kati ya matumizi ya simu usiku na mahudhurio ya vipindi vya asubuhi miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi bwenini". Dai dogo linaloweza kutetewa lina thamani kuliko dai kubwa linaloanguka kwa swali la kwanza.

Tamko la tatizo lenyewe ni nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja, takribani maneno 200 hadi 350, na lina hatua nne: hali inavyotakiwa kuwa, hali ilivyo kwa ushahidi, kile ambacho watafiti tayari wanakijua na kile ambacho hawajakijua, na hasara ya kuendelea kutokijua. Kwa mada yako linaweza kuanza hivi, na kwenye mabano ujaze kile ulichokithibitisha wewe mwenyewe:

"Kanuni za chuo zinamtaka mwanafunzi ahudhurie angalau [kiwango] cha vipindi ili aruhusiwe kufanya mtihani. Hata hivyo, kumbukumbu za mahudhurio za [kipindi] zinaonyesha kuwa vipindi vya asubuhi vina mahudhurio ya [takwimu na chanzo], ikilinganishwa na [takwimu] kwa vipindi vya mchana. Tafiti tangulizi zimehusisha matumizi ya simu kabla ya kulala na usingizi pungufu [vyanzo]. Hata hivyo [kile zilichoacha]. Kwa sababu hiyo, uongozi unaotaka kurekebisha hali hii haujui kama uanzie kwenye ratiba, kwenye mazingira ya bweni au kwenye matumizi ya simu."

Angalia sentensi ya pili. Bila kumbukumbu halisi za mahudhurio, tatizo lote ni dhana. Hivyo kazi yako ya kwanza wiki hii ni kwenda kuuliza kama kumbukumbu hizo zipo, zinatunzwa na nani, na kama mtafiti anaruhusiwa kuziona. Ikiwa hazipo, badilisha matokeo unayoyapima mapema, kabla hujaandika kurasa thelathini juu ya data zisizopatikana.

Malengo, maswali na jedwali linalookoa kazi

Lengo kuu ni moja, na linarudia kichwa kwa umbo la kitendo. Malengo mahususi yawe matatu, manne yakizidi. Ukiwa na sita, umeunganisha tasnifu mbili. Kwa mfano wako: (1) kupima muda ambao wanafunzi hutumia simu baada ya saa nne usiku, (2) kubainisha uhusiano kati ya muda huo na mahudhurio ya vipindi vya asubuhi, (3) kueleza sababu ambazo wanafunzi wenyewe wanazitoa za kutumia simu saa hizo.

Kitenzi kinabeba uzito mkubwa hapa. Kupima, kubainisha, kulinganisha, kueleza na kuainisha ni vitenzi vya utafiti, kwa sababu unaweza kusema ni lini kazi imekamilika. "Kuelewa" hakuna ajuaye kimetimia lini. "Kupunguza matumizi ya simu" na "kuhamasisha wanafunzi" ni malengo ya mradi wa kijamii, wala hayana nafasi katika tasnifu. Kisha kila lengo mahususi lizae swali moja la utafiti. Nadharia tete, yaani makisio utakayoyapima, ziandike pale tu ambapo utapima uhusiano au tofauti kwa takwimu. Hapa ni lengo la pili peke yake. Lengo la tatu halina nadharia tete, na ukilitungia ya kulazimisha, kamati itaona kuwa hujui kazi yake.

Baada ya hapo, kabla hujaandika aya nyingine yoyote, chora jedwali la ulinganifu lenye safu wima tano: lengo, data zinazohitajika, nani au nini kinazo, chombo cha kuzikusanya, na jinsi zitakavyochambuliwa. Mstari wa lengo la pili utasomeka hivi: data ni dakika za matumizi kwa kila usiku na idadi ya vipindi vilivyohudhuriwa, wenye data ni wanafunzi na ofisi ya taaluma, vyombo ni hojaji na fomu ya kunakili kumbukumbu, uchambuzi ni kipimo cha uwiano (namba inayoonyesha jinsi mambo mawili yanavyopanda au kushuka pamoja), na regresheni ikiwa unataka kuzingatia kwa pamoja vigeu vingine, yaani mambo mengine yanayobadilika, kama vile umbali wa bweni na idadi ya watu chumbani.

Jedwali hili hufichua makosa ambayo aya nzuri huyaficha. Ukikuta lengo lisilo na chombo, data zake hazitapatikana. Ukikuta swali kwenye hojaji lisilorudi kwenye lengo lolote, lifute, unamchosha mtu bure. Pia litakuonyesha mapema kwamba lengo la pili linadai uunganishe majibu ya mwanafunzi na rekodi yake ya mahudhurio. Hojaji isiyo na alama yoyote ya utambulisho haitafaa. Utahitaji namba za siri na orodha ya ulinganisho inayotunzwa peke yake, na idhini ya mshiriki itaje wazi kwamba utaangalia rekodi yake. Ukiligundua hilo baada ya kukusanya data, hakuna la kufanya.

Mpelekee msimamizi ukurasa mmoja wenye kichwa, tatizo, malengo na jedwali hili. Usimpelekee sura nzima. Ukurasa mmoja unasomwa haraka na unajibiwa kwa undani. Sura ya kurasa ishirini yenye msingi mbovu hurudi na maneno mawili kama yale uliyoyapata.

Mapitio ya kazi tangulizi

Kosa kubwa kupita yote hapa ni kuandika orodha: fulani alichunguza hiki, fulani naye alichunguza kile, kila mwandishi na aya yake. Msomaji anafika mwisho bila kujua unasimama wapi. Mapitio ni hoja, na aya zake zijengwe juu ya mada ndogo. Jina la mwandishi liwe ushahidi tu. Badala ya kuanza na "Fulani alifanya utafiti kuhusu simu na usingizi...", anza na dai: "Tafiti zilizotegemea makadirio ya washiriki wenyewe na zile zilizotumia rekodi za simu hazikubaliani kuhusu muda wa matumizi." Kisha lete waandishi upande huu na upande ule, ueleze kwa nini wanatofautiana: sampuli, kipimo, mwaka au mazingira.

Hilo haliwezekani kama unasoma bila kuweka kumbukumbu zinazolinganishika. Kwa kila kazi unayoisoma jaza mstari mmoja kwenye lahajedwali: mwandishi na mwaka, swali alilouliza, washiriki na mahali, mbinu, matokeo, udhaifu, na inavyogusa kazi yako. Zikifika ishirini au thelathini, panga lahajedwali kwa safu ya mbinu, kisha kwa safu ya matokeo. Mikinzano itajitokeza yenyewe, na pengo hukaa humo. Marejeo yatunze tangu siku ya kwanza kwa programu kama Zotero, ambayo ni ya bure. Kutafuta ukurasa wa nukuu miezi sita baadaye ni kazi ya kukatisha tamaa.

Katika kutafuta, anza na makala chache za karibuni zinazolenga swali lako. Soma orodha zake za marejeo ili urudi nyuma, kisha tumia kitufe cha Google Scholar kinachoonyesha nani amezinukuu ili uje mbele. Ukianza kukutana na majina yaleyale kila unapogeuka, umekaribia kulimaliza eneo hilo. Marejeo yanayotolewa na programu za akili bandia usiyaweke kabla hujaifungua kazi yenyewe na kuisoma. Programu hizo zinaweza kutunga makala isiyokuwepo, ikiwa na jarida na mwaka kamili, na mtahini akiikosa makala moja ataanza kuzitilia shaka zote.

Kuhusu pengo, niseme wazi: "hakuna utafiti uliofanyika katika eneo hili" ni pengo dhaifu. Mahali pengi duniani hapajafanyiwa utafiti wa mambo mengi, na hilo peke yake si sababu. Pengo la mahali linakubalika unapoeleza kwa nini mahali hapo panaweza kubadilisha jibu. Pengo lenye nguvu zaidi ni la kipimo (wamepima kwa njia isiyoaminika), la kundi (wameliacha kundi ambalo hali yake ni tofauti), la maelezo (wameonyesha uhusiano bila kueleza sababu), au la mkinzano usiotatuliwa.

Nadharia nayo iwe na kazi. Jaribio ni rahisi: iondoe, uone kama kuna kitu kitabadilika kwenye vyombo vyako au uchambuzi wako. Kama hakuna, imewekwa kuwa pambo. Chukua nadharia ya tabia iliyopangwa ya Ajzen (1991). Inasema nia ya kutenda hutokana na mtazamo wa mtu kuhusu tendo, shinikizo analoliona kutoka kwa watu wake, na jinsi anavyoona uwezo wake wa kulidhibiti tendo hilo. Ukiichagua kwa lengo la tatu, mwongozo wako wa usaili lazima uwe na maswali ya mambo hayo matatu, na mada za awali za uchambuzi zitoke humo. Nadharia moja inayotumika inatosha.

Mbinu: hapa ndipo mapendekezo mengi huangukia

Andika sehemu hii kwa kiwango ambacho mtu mwingine angeichukua na kuifanya kazi bila kukupigia simu. Wakati unaotumika kwenye pendekezo ni ujao, "utafiti utatumia", na kwenye tasnifu utageuka kuwa uliopita. Kila uamuzi ufuatwe na sababu yake. Ufafanuzi wa kitabuni wa maana ya sampuli hauhitajiki, kamati inaujua. Inachotaka ni kujua umechagua nini na kwa nini.

Ukubwa wa sampuli huleta ubishi mwingi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Tuseme wanafunzi wako lengwa ni 1,200. Fomula ya Yamane (1967), n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya walengwa wote na e ni kosa linalovumilika, kwa kosa linalovumilika la 0.05 inatoa 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 1,200 ÷ 4 = 300. Jedwali la Krejcie na Morgan (1970) kwa idadi hiyohiyo linatoa 291. Tofauti hii ndogo haina shida, chagua njia moja uitaje. Ila kuna mambo matatu ambayo wanafunzi huyasahau.

Kwanza, njia hizo mbili zimetengenezwa kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani. Lengo lako la pili linatafuta uhusiano, na swali lake la sampuli ni jingine: uhusiano mdogo kiasi gani hutaki ukupite? Kugundua uwiano wa 0.3 kwa nguvu ya takwimu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuuona uhusiano ikiwa kweli upo) na kiwango cha 0.05 cha pande mbili (uwezekano wa kudai uhusiano, wa kupanda au wa kushuka, ambao haupo) kunahitaji watu takribani 85. Uwiano wa 0.2 unahitaji takribani 194. Programu ya bure ya G*Power hufanya hesabu hizo. Sampuli ya 300 inatosha kwa yote mawili, na ukiandika hivyo umejibu swali kabla halijaulizwa.

Pili, si wote watajibu. Ukitarajia asilimia 80 warudishe hojaji zilizojazwa vizuri, gawa 300 kwa 0.8: unahitaji kuwafikia 375.

Tatu, namna ya kuteua inabadilisha ukubwa. Hesabu hizo zinachukulia kuwa kila mtu ameteuliwa kwa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Ukichukua madarasa mazima kwa sababu ni rahisi, watu wa darasa moja hufanana: ratiba moja, mwalimu mmoja, mazoea yanayokaribiana. Kwa madarasa ya watu 30 na kiwango cha kufanana cha 0.05, sampuli huzidishwa kwa 1 + (30 − 1) × 0.05, yaani 2.45, na 300 inakuwa 735. Kwa hiyo tafuta orodha ya majina, uteue kwa nasibu, kwa matabaka ya jinsia au kitivo kama kuna sababu. Ukishindwa kuipata orodha, sema hivyo na ueleze hitimisho lako litaishia wapi. Kuandika "usampulishaji nasibu" huku ukigawa hojaji kwa waliokuwepo mkahawani siku hiyo ni kosa la uaminifu, mbali na kuwa kosa la mbinu.

Kwa usaili wa lengo la tatu hesabu hizo hazihusiki. Huko unateua kwa makusudi watu wenye mengi ya kusema na wanaotofautiana, kwa mfano wanaotumia simu sana wakahudhuria vizuri, na wanaotumia kidogo lakini hukosa vipindi. Utafiti unaonukuliwa sana wa Guest, Bunce na Johnson (2006), uliopitia mahojiano 60 ya wanawake katika nchi mbili za Afrika Magharibi, uligundua kuwa baada ya mahojiano 12 mada mpya zilikuwa karibu zimeacha kujitokeza. Hilo lilikuwa kundi la watu wanaofanana, walioulizwa maswali yaliyopangwa. Ukiwa na makundi mawili yanayotofautiana, panga zaidi, na uandike kwamba utasimama pale mahojiano yatakapoacha kuleta jipya.

Hojaji na mwongozo wa usaili viwe vimekwisha kuandikwa na kuwekwa kwenye viambatisho. "Hojaji itatayarishwa" ni ishara kwamba hujafikiri. Na pima kwa kitu unachokiamini. Watu wengi hukosea wanapokadiria muda wanaotumia simu, hivyo usitegemee swali la "unatumia simu kwa saa ngapi usiku?" Simu nyingi za kisasa zina rekodi ya matumizi, kwa hiyo mwombe mshiriki asome namba hiyo na kuijaza, kwa siku saba. Hakikisha kwanza kwamba rekodi hiyo inaonyesha matumizi kwa saa, la sivyo utapata jumla ya siku nzima na usiku wako utapotea.

Kila hojaji ijaribiwe kwa watu wachache, 20 hadi 30 kwa mfano, wanaofanana na walengwa lakini hawamo kwenye sampuli. Tazama muda waliotumia, maswali waliyoyaruka, na yale waliyoyaelewa tofauti na ulivyokusudia. Ukiwa na kipimo chenye vipengele kadhaa vya kukubali na kukataa, hesabu alfa ya Cronbach, na 0.7 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida. Ihesabu kwa kila kipimo peke yake, usiichanganye hojaji nzima pamoja na umri na jinsia. Kumbuka pia kwamba alfa inasema kama vipengele vinakubaliana. Haisemi kama vinapima kile unachodai kupima. Uhalali unahitaji hoja nyingine: wataalamu walioipitia, au kipimo kilichokwisha kuthibitishwa kwa watu wa aina hiyo na kutafsiriwa kwa uangalifu.

Sentensi "data zitachambuliwa kwa SPSS" haielezi uchambuzi. Programu ni chombo. Taja hatua kwa kila lengo. Lengo la kwanza: wastani, wastani-kati (thamani ya katikati namba zikipangwa kwa mfuatano) na mtawanyiko, kwa kuwa muda wa simu mara nyingi una watu wachache wenye namba kubwa sana wanaovuta wastani juu. Lengo la pili: uwiano wa Spearman ikiwa mtawanyiko umeegemea upande mmoja, Pearson ikiwa masharti yake yametimia. Lengo la tatu: uchambuzi wa mada kwa hatua sita za Braun na Clarke (2006), ukieleza nani atatoa misimbo (lebo fupi za maana kwenye maandishi ya mahojiano) na utakagua vipi uamuzi wako.

Maadili, ratiba na bajeti

Fomu ya idhini ieleze utafiti ni wa nini, mshiriki atafanya nini kwa muda gani, anaweza kujitoa bila kuadhibiwa, na data zitatunzwa wapi na hadi lini. Kama kuna washiriki walio chini ya umri wa utu uzima, unahitaji idhini ya mzazi au mlezi na ridhaa ya kijana mwenyewe. Ukiwa unafundisha wanafunzi haohao, eleza utakavyozuia wasijisikie kulazimishwa. Usikusanye hata hojaji moja kabla kibali cha utafiti hakijatoka, kwani kibali hakirudi nyuma kuhalalisha data.

Ratiba nyingi huvunjika mahali pawili. Pa kwanza ni vibali, vinavyochukua wiki kadhaa na havimo mikononi mwako, hivyo vipe safu yao wenyewe kwenye ratiba. Pa pili ni kunukuu mahojiano kwa maandishi. Saa moja ya sauti huchukua takribani saa nne hadi sita za kuandika. Mahojiano 12 ya dakika 45 ni saa tisa za sauti, yaani saa 36 hadi 54 za kazi, kabla hujaanza kuchambua. Angalia pia kalenda ya chuo: mpango wa kukusanya data za mahudhurio wakati wa likizo hautakupa chochote. Kwenye bajeti weka kila kitu kwa kipimo, idadi na bei ya kimoja, pamoja na fungu la dharura ambalo mara nyingi huwa asilimia 5 hadi 10.

Kujua kama limetosha

Sasa andika usuli. Uanzie karibu na tatizo, kurasa mbili au tatu, ukimwongoza msomaji hadi kwenye tamko lako. Mipaka na umuhimu viwe vifupi, na umuhimu umtaje mtu na uamuzi atakaoufanya kwa matokeo yako. "Utafiti utawanufaisha wadau" hausemi kitu. Urefu wa jumla, mtindo wa marejeo na majina ya sehemu yafuate mwongozo wa idara yako hata pale unapotofautiana na niliyoyasema hapa.

Kisha fanya ukaguzi wa aina tatu. Soma kichwa, lengo kuu, malengo mahususi na maswali peke yake, yakifuatana. Maneno muhimu yawe yaleyale. Kama kichwa kinasema "mahudhurio" na lengo linasema "ufaulu", kazi imepasuka katikati. Chukua kila swali la hojaji uandike pembeni namba ya lengo lake. Halafu mpe mtu asiye wa fani yako tamko la tatizo, akueleze kwa maneno yake utafiti unatafuta nini. Akikosea, rekebisha maandishi kwanza, maelezo ya mdomo hayatakuwepo kamati itakapokuwa inasoma.

Siku ya utetezi jiandae kwa maswali yanayorudi kila mara: kwa nini kundi hili na si lingine, kwa nini idadi hii, umejuaje kwamba kipimo chako kinapima unachodai, utafanya nini wakikataa kushiriki, na nini hutaweza kukisema hata mambo yakienda vizuri. Hilo la mwisho lijibu bila kusita: hutaweza kusema simu ndiyo inayosababisha utoro. Andika kila maoni ya wajumbe yanapotolewa, na ndani ya siku mbili yaweke kwenye jedwali la safu tatu: maoni, ulichobadilisha na ukurasa, au sababu ya kutobadilisha. Pitisha jedwali hilo kwa msimamizi pamoja na toleo lililorekebishwa.